Kosa la Tafsiri

Walinilipa kwa ukurasa.
Kurasa mia mbili na kumi na mbili za Kifaransa
nizigeuze Kiswahili kabla ya Jumanne,
maana sheria inataka wenye kilima wasikie
kwa lugha wanayogombania bei ya sombe.

Mpango wenyewe si mgumu:
bwawa moja juu, Nyakarhama,
jingine chini, karibu na ziwa.
Usiku, umeme ukiwa wa ziada, pampu hupandisha maji.
Mchana, umeme ukihitajika, maji hushuka na kuzungusha mitambo.
Kupanda, kushuka. Kupanda, kushuka.
Nilipofika kwenye maneno "umeme wa ziada"
taa ya Bukavu nzima ikakatika.
Sura hiyo niliimaliza kwa mshumaa.

Jedwali la athari lilikuwa na safu nne.
Vumbi: ndogo. Kelele: ndogo.
Popo wa pangoni: wastani.
Vyura wa kijito: hawakuonekana.
(Walipima Julai. Chura gani hutoka Julai?)
Makaburi: kumi na manne, yatahamishwa.
Hapo nilikwama.
Neno la Kifaransa lilikuwa la baridi,
neno la kuhamishia kabati.
Nikaongeza "kwa heshima", ili lisigande mdomoni.
Sikumwambia mtu.

Jumanne, ukumbi wa parokia, Kadutu.
Jenereta inanguruma uani.
Injinia Lwabanji ana kijitaa chekundu,
anakipitisha ukutani juu ya kilima
kama anayetafuta pa kukata keki.

Mama Cibalonza akasimama.
Kwenye paji la uso ana mfereji,
ukanda wa mizigo umeuchimba miaka thelathini.
"Mimi ndiyo pampu," akasema.
"Napandisha maji Nyakarhama kabla jogoo hajaamka,
bidoni mbili, mgongo huu,
na hakuna aliyewahi kunidai leseni."
Watu wakacheka, hata padri.
"Sasa nionyesheni huo umeme unaozidi.
Unazidia wapi?
Nikatege kandili yangu hapo."

Injinia akafungua kiambatisho cha saba.
Uani, jenereta ikaendelea kujibu kwa niaba yake.

Alikuwa hajakaa.
"Na makaburi ni kumi na saba.
Matatu hayana msalaba, ni mawe tu.
Watoto hawakukaa duniani siku za kutosha kupewa majina.
Mmoja ni wangu."

Karani wa wizara akaandika:
maoni yamepokelewa.
Nilikuwa jirani yake, nikaona kalamu.
Haikuandika namba.

Usiku ule nikafungua toleo la mwisho,
la kupigwa muhuri kesho.
Kifaransa: kumi na manne.
Vidole vyangu: kumi na saba.
Kwenye jedwali, kwenye muhtasari,
na kwenye ukurasa wa mia na tisini
ambao hakuna mtu husoma.

Aliusoma mtu.
Barua ilikuja na mihuri miwili:
leseni imesimama siku thelathini,
matoleo hayalingani, kuna kosa la tafsiri,
uhakiki ufanyike mahali penyewe;
malipo ya mtafsiri yamezuiliwa.

Basi nikapanda Nyakarhama kwa viatu vya ofisini,
nyuma ya Mama Cibalonza na bidoni zake.
Yeye hakuhema. Mimi nilihema kwa ajili ya wawili.
Akanionyesha jiwe, na jiwe, na jiwe la tatu
alilolifuta kwa kanga kabla sijaliangalia.
Nikaandika kumi na saba, nikapiga mstari.

"Na hili?" akauliza jirani yake, Mama Nankafu,
mguu wake kando ya kijiwe cheusi majanini.
Mama Cibalonza akamtazama muda mrefu.
"Hukuniambia."
"Hukuniuliza. Hata hawa hawakuniuliza."

Ilikuwa Septemba, mvua ya kwanza ilishapita.
Chini kwenye kijito kitu kikalia,
kikanyamaza, kikalia tena.
Nikafungua jedwali lililoloa pembeni,
nikafuta mstari wangu,
nikatafuta safu ya kuanzia.